Kampuni Ikipoteza Tenda: Mwongozo kwa Walinzi na Wafanya Usafi wa Dodoma

Mwaka wa fedha wa Serikali huisha tarehe 30 Juni. Katika mji kama Dodoma, ambako wizara, taasisi, vyuo na hospitali za umma ndio wateja wakubwa wa kampuni za ulinzi na usafi, tarehe hiyo hugusa maisha ya watu wengi ambao hawajawahi kuwa watumishi wa umma. Zabuni zimeshatangazwa katika NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, kampuni moja imeshinda na nyingine imeshindwa, na usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai walinzi wenye sare ya rangi moja wanatoka getini na wenye sare ya rangi nyingine wanaingia. Mara nyingi sura ni zilezile, ila mashati ndiyo yamebadilika.

Nilishuhudia makabidhiano ya namna hiyo kule Mtumba, nilipokuwa mwakilishi wa wafanyakazi. Jua lilikuwa limeshazama, na msimamizi alikuwa ametandaza fomu juu ya boneti ya pikapu, akaziwekea redio ya upepo juu yake zisipeperuke. Kila mlinzi alirudisha sare, tochi na kirungu, kisha akaonyeshwa mahali pa kusaini. Walikuwa kumi na wawili. Kumi na mmoja walisaini kwa sababu waliambiwa kwamba kampuni mpya haitampokea mtu ambaye hajaachiwa na kampuni ya zamani. Wa kumi na mbili, mama mmoja wa Kongwa, alisema amesahau miwani nyumbani, akaomba aondoke na fomu ili mwanawe amsomee. Mwanawe alimsomea, na katika mstari wa tatu wakakuta maneno haya: "nimeacha kazi kwa hiari yangu na sina dai lolote." Mama yule hakusaini, na baadaye alilipwa kiinua mgongo cha miaka yake yote. Wale kumi na mmoja hawakulipwa hata senti, na walipokwenda kulalamika walionyeshwa saini zao.

Mwongozo huu unahusu Tanzania Bara, na umejengwa juu ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 pamoja na kanuni zake. Sheria hiyo imefanyiwa marekebisho mara kadhaa, yakiwemo ya 2025, kwa hiyo ukilinganisha vifungu tazama maudhui kabla ya namba, kwa kuwa namba ninazotaja ni za Sheria ilivyotungwa.

Hatua ya kwanza: tenganisha mikataba miwili

Getini au katika korido unayodeki kuna mikataba miwili, na mkanganyiko mwingi huanzia hapo. Wa kwanza ni mkataba wa huduma kati ya kampuni na taasisi yenye jengo, ambao wewe si sehemu yake na hukuusaini. Wa pili ni mkataba wa ajira kati yako na kampuni. Mkataba wa kwanza unapokwisha, wa pili haufi wenyewe. Kampuni imepoteza tenda, lakini wewe bado ni mwajiriwa wake mpaka pale itakaposimamisha ajira yako kwa sababu halali na kwa utaratibu halali, au mpaka muda ulioandikwa katika mkataba wako utakapofika mwisho.

Ni vizuri kujua pia jambo ambalo sheria yetu haina. Uingereza wana kanuni za 2006 zinazofanya wafanyakazi wa huduma iliyohamia kwa mkandarasi mpya wahame pamoja na masharti na miaka yao ya utumishi, na Afrika Kusini wana kifungu cha 197 cha sheria yao ya kazi kuhusu biashara inayohamishwa kwa mmiliki mwingine. Mtu anayesoma mambo hayo kwenye simu anaweza kuja getini akiwa na hakika kwamba mzabuni mpya analazimika kumchukua. Kwa hapa kwetu, Sheria ya Ajira haiilazimishi kampuni iliyoshinda tenda kumrithi mfanyakazi wa kampuni iliyoshindwa. Unayemdai ni yule aliyekuajiri, na kwa sababu hiyo hesabu zako na yeye zifungwe vizuri kabla hujavaa shati jipya.

Fungua basi mkataba wako usome kipengele cha muda. Kama hauna kikomo, ajira yako inaendelea, na kampuni ikitaka kuiondoa itafuata utaratibu wa kupunguza wafanyakazi nitakaoueleza hapa chini. Kama ni wa muda maalumu na tarehe yake ya mwisho imefika kweli, kwa kawaida unakoma siku hiyo bila kiinua mgongo. Hata hivyo, iwapo umekuwa ukihuishiwa mkataba huo mwaka baada ya mwaka, na mwajiri kwa maneno au vitendo amekufanya utarajie kuhuishiwa tena, kifungu cha 36 kinahesabu kutohuisha huko kuwa ni kusimamisha ajira, na unaweza kukihoji. Kama tarehe ya mwisho katika mkataba wako ni Desemba na kampuni imepoteza tenda Juni, miezi iliyobaki haikufutwa na tangazo la zabuni.

Wapo wafanyakazi wengi ambao hawajawahi kupewa karatasi yoyote. Hao nao wana ajira. Kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi ya ajira yake, na shauri likifika mbele ya chombo cha sheria huku mwajiri akishindwa kutoa maandishi hayo, yeye ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa. Kwa hiyo mwajiri aliyekunyima mkataba miaka minne hawezi kuja mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi na kujitetea kwa kusema kwamba mkataba haukuwepo.

Hatua ya pili: kusanya karatasi ukiwa bado una ufunguo wa geti

Baada ya makabidhiano hutaingia tena katika jengo lile, na ratiba ya zamu iliyobandikwa ukutani itakuwa imeng'olewa. Wiki chache kabla, mara unaposikia kwamba tenda imetangazwa, piga picha za kitambulisho chako cha kazi, barua ya ajira, hati za mshahara, ratiba za zamu na kurasa za daftari la mahudhurio zenye jina lako. Taarifa za kuingia kwa mshahara benki au kwenye simu ni ushahidi mzuri wa kiwango ulicholipwa na wa muda uliotumika, kwa hiyo omba nakala ya miezi mingi kadiri inavyowezekana. Usipige picha nyaraka za mteja wala maeneo ya ndani ya ofisi yake, kwani unaweza kujifungulia kesi nyingine kabisa.

Katika kipindi hichohicho angalia michango yako NSSF, yaani Mfuko wa Hifadhi ya Jamii. Mfanyakazi wa sekta binafsi huchangiwa asilimia 20 ya mshahara, na asilimia inayokatwa kwake haipaswi kuzidi 10. Nimeona hati za mshahara zinazoonyesha makato kila mwezi bila kukosa, wakati taarifa ya Mfuko inaonyesha kwamba kilichopelekwa ni cha miezi saba tu kati ya ishirini na minne. Pengo kama hilo ni rahisi kulifuatilia wakati kampuni bado ina ofisi Area C na mhasibu anapokea simu.

Hatua ya tatu: dai kushirikishwa mapema

Kupotea kwa tenda kunaweza kuwa sababu halali ya kupunguza wafanyakazi, kwa kuwa sheria inatambua mahitaji ya uendeshaji wa shughuli kuwa moja ya sababu za haki za kusimamisha ajira. Sababu halali peke yake haitoshi. Kifungu cha 38 kinamtaka mwajiri atoe taarifa ya kusudio la kupunguza wafanyakazi mara tu anapolifikiria, aweke wazi taarifa zote zinazohusika, na kisha ashauriane nao kuhusu mambo matano: sababu za kupunguza, njia za kuepuka au kupunguza ukali wake, namna ya kuwachagua watakaopunguzwa, wakati wa kufanya hivyo, na malipo ya kiinua mgongo. Mashauriano hayo hufanyika na chama cha wafanyakazi kinachotambuliwa mahali pa kazi, na pasipo na chama hufanyika na wafanyakazi wenyewe. Walinzi wa kampuni binafsi wana chama cha TUPSE, na wafanya usafi hukutwa katika vyama vya TUICO au CHODAWU. Kama makato ya ada yapo katika hati yako ya mshahara, sasa ndio wakati wa kumtafuta katibu wa mkoa, tena kwa miguu ikibidi.

Mkutano wa dakika kumi chini ya mwembe, ambapo msimamizi anatangaza kwamba "mzigo umekwisha, kila mtu aangalie ustaarabu wake," si mashauriano. Ukiitwa katika mkutano wa namna hiyo, uliza maswali mawili kwa sauti, na mwenzako aandike majibu pamoja na tarehe. Swali la kwanza ni kama kampuni ina malindo mengine yenye nafasi, iwe hapa mjini, Chamwino, Bahi, Manyoni au Singida. La pili ni kwa kigezo gani watu wamechaguliwa. Swali hili la pili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu kampuni yenye walinzi 90 katika malindo sita inapopoteza lindo moja, haifuati moja kwa moja kwamba wanaoondoka ni wale waliokuwa wamesimama katika lindo hilo wiki hiyo. Mlinzi wa miaka tisa aliyehamishiwa Mtumba mwezi Mei ana haki ya kuuliza kwa nini yeye anaondoka huku aliyeajiriwa Januari akibaki Nkuhungu. Kigezo cha aliyeingia mwisho kuwa wa kwanza kutoka hutumika sana, na si lazima kiwe hicho, lakini kiwepo kigezo, kijulikane, na kisiwe ujauzito, uanachama wa chama au ugomvi wa zamani na msimamizi.

Pande mbili zisipokubaliana katika mashauriano, suala linaweza kupelekwa kwenye usuluhishi hata kabla ya mtu kuondolewa kazini.

Hatua ya nne: pima kazi mbadala kabla ya kukubali au kukataa

Hapa sheria ina mtego ambao watu wachache wanaujua. Kifungu cha 42 kinasema kwamba mfanyakazi anayepunguzwa kwa mahitaji ya uendeshaji hatalipwa kiinua mgongo iwapo amekataa, bila sababu ya msingi, kazi mbadala kwa mwajiri huyo au kwa mwajiri mwingine yeyote. Kwa hiyo kampuni ya zamani ikikuletea nafasi katika kampuni mpya, getini palepale na kwa mshahara uleule, nawe ukakataa kwa hasira tu, unaweza kupoteza malipo ya miaka yako. Ukiwa na sababu, iandike. Mshahara wa chini kuliko ulionao, lindo la shambani lisilo na makazi wala usafiri, au zamu za usiku mfululizo kwa mama mwenye mtoto mchanga ni sababu ambazo mtu mwenye busara anaweza kuzisimamia. Barua ya mistari mitano inatosha, mradi iwe na tarehe, saini, na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Ukikubali, fahamu kwamba kukubali hakukufutii kitu. Sheria inamnyima kiinua mgongo anayekataa ovyo, haimnyimi anayekubali, na kampuni ya zamani haiwezi kusema kwamba kwa kuwa umepata kazi kesho yake basi hakuna deni. Maneno hayo nayasikia karibu kila Julai.

Lakini ajira mpya ni ajira mpya. Kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki haimgusi mfanyakazi mwenye chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo, na haki ya kiinua mgongo inaanza baada ya miezi kumi na miwili ya utumishi mfululizo. Umesimama geti lilelile miaka minane, ila mbele ya sheria tarehe 1 Julai umekuwa mgeni. Muombe mwajiri mpya aandike katika mkataba kwamba anatambua utumishi wako wa nyuma. Halazimiki kukubali, ingawa wakati mwingine hukubali, hasa anapohitaji watu wanaolijua jengo siku ya kwanza.

Hatua ya tano: usisaini usichokielewa

Rejea boneti ya pikapu. Karatasi tatu ndizo huletwa siku hiyo, na kila moja ina uzito wake. Fomu ya kurudisha vifaa unaweza kuisaini baada ya kuhakikisha kwamba kila ulichorudisha kimeandikwa, na kwamba hakuna kitu usichowahi kupewa kilichochomekwa katika orodha ili kije kukatwa baadaye. Barua ya kusimamishwa ajira isaini kwa kuandika "nimeipokea" pamoja na tarehe na saa, kwa sababu kupokea barua si kukubaliana nayo. Barua ya kuacha kazi usiisaini kabisa, hata ikiwa imechapwa tayari na jina lako limeandikwa vizuri kwa herufi kubwa, kwa kuwa anayeacha kazi mwenyewe halipwi notisi wala kiinua mgongo, na atalazimika kwanza kuthibitisha kwamba hakuacha kwa hiari.

Ukiambiwa kwamba kampuni mpya inahitaji uthibitisho kuwa umeachiwa, jibu ni rahisi: barua ya kusimamishwa ajira na cheti cha utumishi vinatosha kabisa, na cheti hicho ni haki yako wakati ajira inapokoma. Omba muda wa kusoma, miwani iwepo au isiwepo.

Hatua ya sita: piga hesabu yako mwenyewe

Usisubiri mhasibu akuletee jumla. Chukua mfano wa mfanya usafi aliyeajiriwa tarehe 1 Machi 2020 kwa mshahara wa msingi ambao sasa ni shilingi 260,000 kwa mwezi, akifanya kazi siku sita kwa wiki, na ambaye ajira yake inakoma tarehe 30 Juni 2025. Mshahara wa siku hupatikana kwa kugawa mshahara wa mwezi kwa 26, na kwa mama huyu ni shilingi 10,000.

Kwanza anadai mshahara wa Juni aliokwisha kuutumikia, yaani 260,000. Neno "mteja hajatulipa" halizuii deni hili, kwa kuwa mfanyakazi hakuingia ubia na kampuni ili agawane nayo hasara. Pili ni notisi. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi ya maandishi isiyopungua siku 28, yenye sababu na tarehe, na anayelipwa kwa siku au wiki anastahili siku nne. Kama barua imetolewa tarehe 30 Juni jioni, maana yake hakukuwa na notisi, hivyo malipo badala ya notisi yanadaiwa, na kwa kawaida hukokotolewa kwa mshahara wa mwezi mmoja, 260,000 nyingine. Notisi hairuhusiwi kutolewa wakati mtu yuko likizo wala kwenda sambamba nayo, ujanja ambao umeshapoteza watu wengi pesa.

Tatu ni kiinua mgongo. Sheria inatoa si chini ya mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, hadi kikomo cha miaka kumi. Mama huyu ana miaka mitano iliyotimia, na miezi minne ya ziada haihesabiwi: siku saba mara tano mara 10,000 ni shilingi 350,000. Nne ni likizo. Kwa mzunguko wa likizo usiokamilika anastahili mshahara wa siku moja kwa kila siku 13 alizofanya kazi. Miezi minne yenye siku 26 kila mmoja ni siku 104, zikigawanywa kwa 13 ni siku nane, yaani 80,000. Kama likizo ya mwaka uliotangulia nayo hakwenda, inaongezwa juu yake.

Jumla mpaka hapo ni shilingi 950,000, na hatujafika kwenye usafiri. Huu ndio mwisho wa mambo kwa aliyeajiriwa hapahapa Dodoma. Kwa aliyeajiriwa kwingine, tuseme Singida, kisha akaletwa kufanya kazi Dodoma na ajira ikakomea huku, kifungu cha 43 kinamtaka mwajiri amsafirishe yeye na mizigo yake hadi alikoajiriwa, au amlipe gharama za kusafirishwa, au ampe posho isiyopungua nauli ya basi hadi kituo kilicho karibu na huko, pamoja na posho ya kujikimu kwa siku zilizo kati ya kukoma kwa ajira na kusafirishwa. Mahali pa kuajiriwa ni pale palipoandikwa katika maelezo ya ajira, wala si kijiji ulichozaliwa, na ndiyo maana baadhi ya waajiri huandika "Dodoma" katika kila barua hata kama walimchukua mtu stendi ya Manyoni. Ukiliona hilo, lisahihishe siku unayoajiriwa, kwa sababu siku ya kuachishwa utakuwa umechelewa.

Walinzi waongeze hesabu ya saa. Saa za kawaida kwa wiki ni 45, na zamu ya saa kumi na mbili kwa siku sita inafika 72. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, na kazi ya usiku, kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, ina nyongeza ya asilimia tano ya mshahara wa msingi wa saa. Ndipo zile ratiba za zamu ulizopiga picha zinapopata kazi.

Makato nayo yaangaliwe. Mwajiri hawezi kukata sare, tochi au "hasara ya lindo" kwa kujiamulia. Anahitaji idhini ya sheria au makubaliano ya maandishi.

Hatua ya saba: andika dai, weka tarehe

Barua ya dai iwe fupi: jina lako, nafasi, tarehe ya kuajiriwa, tarehe ya kukoma kwa ajira, jedwali la hesabu yako, na siku ambayo unaomba uwe umelipwa. Peleka kwa mwajiri, rudi na nakala iliyogongwa muhuri. Unaweza kumpelekea mteja nakala kwa heshima, maana taasisi ya umma haipendi kusikia jina lake likitajwa kuhusu mishahara isiyolipwa, na wakati mwingine hilo huharakisha mambo. Ila usimwandikie kana kwamba ndiye mwajiri wako.

Afisa Kazi wa mkoa anaweza kusaidia sana katika hatua hii, hasa kwa mishahara iliyolimbikizwa na makato ya NSSF yasiyopelekwa, kwa kuwa ana mamlaka ya kuingia mahali pa kazi, kukagua kumbukumbu na kumwamuru mwajiri atekeleze sheria.

Hatua ya nane: Tume, ndani ya siku 30

Hapa ndipo madai mengi mazuri hufia. Mgogoro kuhusu kuachishwa kazi isivyo haki unapaswa kufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi tunaiita CMA, ndani ya siku 30 tangu ajira iliposimamishwa. Migogoro mingine, kama vile mishahara ambayo haijalipwa, ina siku 60 tangu ilipozuka. Siku zinahesabiwa pamoja na Jumapili na sikukuu zilizo katikati yake. Mwajiri anayekuambia "subiri kidogo, mteja yuko kwenye kufunga hesabu, Agosti mtalipwa" huenda anasema kweli, lakini Agosti dai la kuachishwa kazi tarehe 30 Juni litakuwa limepita muda, na utalazimika kuomba kwanza kuongezewa muda kwa sababu za kuridhisha. Kungojea ahadi mara nyingi hakuhesabiwi kuwa sababu ya kuridhisha. Fungua shauri, na akilipa baadaye utaliondoa.

Fomu inayotumika ni CMA F.1. Ijaze kwa makini sehemu zote, ikiwemo ile ya madai ya kuachishwa kazi, ambapo utaeleza kasoro za sababu na kasoro za utaratibu kila moja mahali pake. Andika kiasi unachodai kwa tarakimu na mchanganuo wake, maana dai usiloliandika katika fomu ni vigumu sana kulipata mwishoni. Nakala ya fomu mpelekee mwajiri kwanza, kwa mkono au kwa rejista ya posta, kisha upeleke Tume pamoja na uthibitisho kwamba ameipokea. Kama makao makuu ya kampuni yako Dar es Salaam au Arusha, usikubali kuambiwa kwamba shauri linafunguliwa huko. Linafunguliwa katika ofisi ya Tume inayohudumia eneo ambako mgogoro ulizuka, na wako ulizuka Dodoma.

Mkiwa wengi, hamna haja ya kujaza fomu kumi na mbili. Mmoja anaweza kusaini kwa niaba ya wenzake, mradi aambatanishe orodha ya majina yao na idhini yao ya maandishi yenye saini za wote. Mchagueni mtu mwenye simu inayopatikana na asiye na mpango wa kwenda kulima Kibaigwa mwezi huohuo, kwa sababu mlalamikaji asipofika siku ya usuluhishi, msuluhishi anaweza kulitupa shauri. Mwajiri asipofika, msuluhishi anaweza kuliamua.

Usuluhishi una siku 30. Ni mazungumzo ya faragha, na unaweza kwenda na kiongozi wa chama, wakili au mtu mwingine uliyemchagua. Migogoro mingi ya tenda inaishia hapo, kwa sababu hesabu za kisheria hazina ubishi mkubwa na kampuni inayotaka kuomba zabuni nyingine haitaki jina bovu. Makubaliano yakisainiwa yanabana pande zote, hivyo kabla ya kusaini hakikisha yanataja kiasi kamili, tarehe ya kulipa na namba ya akaunti au simu itakayopokea. Msipoelewana, shauri linakwenda kwenye uamuzi, na huko mwajiri ndiye mwenye jukumu la kuthibitisha kwamba alikuachisha kwa haki. Mwamuzi akiona hukutendewa haki anaweza kuamuru urudishwe kazini au ulipwe fidia, juu ya yale malipo ya hatua ya sita. Asiyeridhika na tuzo, yaani uamuzi huo, ana wiki sita za kwenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi.

Hatua ya mwisho: NSSF tena

Shauri linapoendelea, nyumbani panahitaji unga. Mwanachama wa NSSF aliyepoteza ajira bila kuacha mwenyewe, na aliyechangia miezi 18 au zaidi, anaweza kuomba fao la kukosa ajira, ambalo ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Aliyechangia chini ya hapo ana utaratibu wake wa kupata sehemu ya michango aliyokatwa. Nenda na kitambulisho cha taifa, kadi ya uanachama na barua ya kusimamishwa ajira. Afisa wa dirishani atasoma sababu iliyoandikwa katika barua hiyo kabla ya kitu kingine chochote, na yule aliyesaini kuwa ameacha kazi kwa hiari yake ataambiwa palepale kwamba fao hilo si lake.